Kaka Yake Bibi Alikuwa Maktabani

Juzi nilipita Temeke, njia yetu ya zamani ya kwenda sokoni, nikaona maboksi yamepangwa kwenye baraza ya maktaba. Maboksi tu, yamefungwa kamba ya katani. Nikasimama pale na mfuko wangu wa nyanya, nikamuuliza mlinzi vitabu vinapelekwa wapi. Akanitazama kwa mshangao, akasema haviendi popote, ni vipya, vinasubiri kuingizwa ndani. Nikamshukuru nikaondoka, lakini nilipofika kona nikageuka kuyatazama tena. Utaniuliza mtu mzima anaogopaje maboksi. Ngoja nikusimulie.

Mie nililelewa na bibi, mzaa mama, kwenye chumba na sebule nyuma ya karakana ya maseremala. Bibi alikuja Dar kutoka Umakondeni akiwa mtu mzima, na kusini hakukumtoka. Siku akiletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, na mgeni wa kutoka huko, hakipikwi kitu kingine. Inachemshwa, tunakaa mkekani tunaila kwa chumvi na pilipili, naye anahadithia. Katika hadithi zake hakukosa kaka yake mkubwa, mchonga vinyago, aliyefariki kabla mama yangu hajazaliwa. Picha yake hatukuwa nayo. Bibi alikuwa akisema sura ya kaka inaanza kumponyoka, anakumbuka mikono tu.

Maktaba ilikuwa jengo dogo la vyumba viwili. Nikishaosha vyombo na kujaza ndoo, naruhusiwa kwenda. Mlangoni mkutubi anakagua mikono yako pande zote mbili. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, ila hakuwa na mchezo na vitabu vya serikali. Ndani kulinukia dawa ya sakafu na karatasi zilizolowa zikakauka, maana masika paa la upande wa nyuma lilikuwa linavuja. Dirishani unasikia randa za maseremala na mafuta ya mama jirani aliyekuwa akikaanga mihogo. Watoto hatukuazimishwa vitabu. Tulisomea palepale, tukirudisha tulipotoa.

Kule nyuma, rafu ya chini, nikakuta kitabu kikubwa cha picha za wachongaji wa kusini. Jioni nikamsimulia bibi, kwa kupitisha muda tu, kwamba yumo mzee mmoja kabana gogo kwa miguu, ana nembo za chale usoni, na kidole chake kidogo hakipo. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Kidole cha mkono gani?"

"Wa kushoto, bibi."

Kesho yake niliporudi shule nikamkuta kavaa kanga zake za kutokea, yuko tayari. Bibi hakujua kusoma, na njia nzima aliniuliza kama hawatamtaka asome kitu kwanza ndipo aingie. Mkutubi akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Nikafungua ukurasa. Bibi akaitazama ile picha mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema taratibu, "Ndiye."

Tangu hapo ikawa kila Ijumaa baada ya swala tunakwenda maktaba. Alikuwa anakaa na picha ile kama watu wanavyokaa na mgonjwa anayeendelea vizuri, haongei sana, anatazama, halafu anaaga.

Siku moja nikakuta vitabu vimepangwa sakafuni. Mkutubi aliniambia kuna vipya vinakuja na rafu ni zilezile, kwa hiyo lazima vingine vitoke. Nikamuuliza anajuaje kipi kitoke. Alikuwa mtu wa kumjibu mtoto, akanionyesha. Anafunua jalada la nyuma, anaangalia ile karatasi yenye mihuri ya tarehe. Kama hakijaazimwa miaka mingi, maana yake hakina msomaji. Kama kimechanika au kimeota ukungu, kinatoka hata kama kinapendwa, kwa sababu ukungu unahama kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Baadaye anakuja mtu wa ofisi kuu kuhakiki, kisha vinapelekwa kuteketezwa. Hakigawiwi hata kimoja.

Nilikwenda kule nyuma nikakitoa, nikafunua jalada. Kitabu chetu kilikuwa na mihuri michache iliyofifia, na kwenye kona za kurasa palikuwa na madoa ya kijani. Ijumaa zote zile hazikuwa zimeacha alama yoyote. Tulikisoma sana, lakini kwenye karatasi ile hatukuwepo.

Sikumwambia bibi. Usafi wa darasa nafagia palepale nilipofagia. Nikamfuata jirani yetu, karani mmoja wa kutoka Mbeya aliyekuwa na kadi ya maktaba, nikamsihi akakiazime apate kugongewa muhuri. Akacheka, lakini akakubali, na kesho yake tukaongozana. Tukakuta mlango umefungwa, kuna tangazo kuwa maktaba haitoi huduma mpaka uchambuzi wa vitabu uishe. Nikachungulia dirishani. Rafu yetu ya chini ilikuwa nyeupe, haina kitu. Karani akanishika bega akasema tujaribu wiki ijayo, naye hakujua kwamba wiki ijayo hakuna kitu.

Ndipo nikamwambia bibi. Nilitegemea atalia au atanigombeza kwa kuficha. Akachukua mtandio akasema twende.

Tulikuta gari la ofisi kuu nje. Mkutubi alitufungulia mlango kwa kusita. Ndani alikuwepo mama mmoja wa makamo, mhakiki, anapitia rundo moja moja. Bibi hakumwomba kitabu kisamehewe wala apewe yeye. Alisema, "Mwanangu, najua kitabu ni cha serikali. Nimekuja kumuaga kaka yangu."

Yule mama hakuelewa. Mkutubi akamweleza, huku akitafuta kwenye rundo, na nilipoona anafunua la pili hakimo, la tatu hakimo, nilishika kanga ya bibi. Kilikuwa chini kabisa ya la mwisho. Mhakiki akakifungua, akasoma maelezo ya picha. Yalisema mchongaji, kusini, basi. Akauliza, "Bibi, alikuwa anaitwa nani?"

Kumbe hata mie nilikuwa sijawahi kulisikia lile jina. Kwetu alikuwa kaka tu. Bibi akalitamka lote, na la baba yao, na la kijiji. Mhakiki akamrudisha alitamke tena, akaandika kwa penseli chini ya picha. Kisha akasema wazi kwamba kitabu chenye ukungu hakirudi rafuni, hilo asingeweza kulibadili. Ila kwa kuwa sasa picha ina mwenyewe, ataombea kipelekwe maktaba kubwa ya mjini, kikatibiwe na kuwekwa chumba cha vitabu visivyoazimwa. Mkutubi alionekana kupumua kuliko hata sisi.

Kwa hiyo kiliokoka, na kwa hiyohiyo tukakikosa. Magoti ya bibi hayakuwa ya kwenda mjini kila Ijumaa. Nilimpeleka mara moja nikiwa sekondari. Walituletea kitabu kwenye kisanduku, safi, kinanukia dawa, katika chumba baridi kisichokuwa na mtu mwingine. Bibi alitazama, akaridhika, lakini wakati wa kutoka akasema, "Wanamtunza. Ila kule alikuwa na majirani."

Majirani nao wametawanyika. Mama wa mihogo alihamia kwa mwanawe Madale, karani akajenga Mbezi, karakana imekuwa duka la vifaa vya simu. Mkutubi alistaafu akarudi kwao, na bibi tulimzika masika yaliyopita. Kabla bibi hajafariki niliomba ruhusa kule maktaba ya mjini nikaipiga ile picha kwa simu, nikampelekea kitandani. Alitabasamu, akauliza mbona kaka amekuwa mdogo hivi.

Picha bado ninayo. Naifungua mara nyingi, naikuza mpaka nembo zinaonekana. Kila tulipofungua ukurasa ule, bibi alikuwa akininong'oneza, "Kaa vizuri, tumeingia kwa watu." Siku hizi naifungua nikiwa popote, nimejilaza, nakula, na hakuna wa kuniambia nikae vizuri.