Nadhiri ya Mke Wangu, Miguu Yangu

Nadhiri haikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu siku nzima ile, tangu tulipotoka Mpanda mjini kabla ya jua mpaka tulipofika kwenye kigango, kanisa dogo la kijijini tulipolala, nilikuwa nalirudia moyoni kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo.

Aliyeweka nadhiri ni mke wangu. Nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya tezi, na baada ya upasuaji nikashikwa na homa iliyonipotezea fahamu kwa siku kadhaa. Yeye alikaa kwenye benchi nje ya wodi akamwambia Mungu: mrudishe huyu mzee nyumbani, naye atakwenda Karema kwa miguu yake mwenyewe. Karema ni kule kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kanisa la zamani ambako watu wa kwetu huenda kuhiji. Kwa mwendo wa kikundi chetu ni siku nne. Hakuahidi miguu yake, maana magoti yake yana maumivu ya miaka mingi na hata kwenda kisimani humchukua muda. Aliahidi yangu, na mwenyewe nilikuwa sijitambui.

Alinieleza miezi mingi baadaye, siku ya kwanza niliyoweza kwenda kanisani na kurudi bila fimbo. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewafundisha wachumba, wazazi wa ubatizo na watoto wa komunyo, na siku zote nimewaambia kwamba nadhiri humfunga aliyeiweka, haimfungi jirani yake. Nilimweleza hivyo. Nilimpeleka mpaka kwa paroko, naye akasema yale yale kwa upole, akaongeza kwamba mimi ninaweza kushukuru kwa namna yoyote ile. Mke wangu alisikiliza, akamshukuru padri. Tulipopita Kashaulili sokoni kununua dagaa, akaniambia huku akichagua fungu, "Nyie wawili mmesoma. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye benchi."

Tangu hapo, nikikohoa aliniangalia. Nikipata homa kidogo, aliacha kula. Nilijua anachoogopa: kwamba nilirudishwa kwa sharti, na sharti halijatimizwa. Mungu ninayemfahamu hanyang'anyi alichokwisha kutoa, na nilimwambia hivyo mara nyingi kadiri nilivyoweza. Lakini hofu haiondoki kwa sababu mtu ameelezwa vizuri. Basi nikaandikisha jina langu kwenye hija, na yeye akaandikisha lake kuwa mpishi, apande lori dogo la vyombo.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kiangazi, ile ya kupasua midomo. Baada ya misa, kiongozi wa msafara alitukusanya. Ni mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, mwembamba, ambaye amekwisha kutembea njia hiyo mara nyingi. Hakutoa hotuba.

"Siku ya kwanza ndiyo inayochuja watu," alisema. "Lori litatangulia na vyombo. Atakayechoka atapanda, na hakuna atakayemcheka. Ila jioni lori linarudi mjini kuchukua unga na maji, na aliyepanda anarudi nalo. Mbele huko ni pori. Sitaki kubeba mgonjwa."

Nilimwona mke wangu, ndani ya lori kati ya masufuria, akinitazama miguuni.

Sababu tuliijua yeye na mimi. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ibada, vile vyeusi vya ngozi, nimevipaka rangi jana yake. Watu wazima wa kwetu wanaolima huvaa katambuga, viatu vya tairi, na mimi ninazo zilizokwisha kuufuata mguu wangu kila upande. Lakini sijawahi kuingia kanisani na katambuga. Usiku wa kuamkia safari aliniambia, "Huko ni barabarani, baba." Nikamjibu kwamba hija ni ibada tangu hatua ya kwanza. Nilisema kwa sauti ya darasani, na yeye akaendelea kufunga mchele.

Kwa kuwa nilikuwa mkubwa kuliko wote, nilipewa msalaba niutoe mjini. Ni wa mninga, mzito kuliko unavyoonekana. Utaratibu ni kwamba kila tendo moja la rozari, lile fungu la sala kumi, likiisha, msalaba unapokelewa na mtu wa jumuiya nyingine. Tendo la kwanza likaisha, nikaendelea nao. La pili likaisha. Nilikuwa naongoza sala na wimbo, watu wananiitikia nyuma yangu, jua ndiyo kwanza linagusa vilele vya miyombo, na nilijiona mzima kabisa. Mwisho kiongozi alikuja kando yangu.

"Mwalimu, leta msalaba."

"Bado nina nguvu."

"Nguvu hizo utazitafuta saa nane," alisema, akauchukua mwenyewe begani mwangu.

Haikufika hata saa nane. Ilipofika saa nne kisigino cha kulia kilikuwa kinawaka. Ilipofika saa tano na cha kushoto. Nilijifunza kukanyaga kwa upande wa nje wa nyayo, na kwa sababu hiyo nyonga zikaanza kuuma. Nyimbo zilinipita. Waliokuwa nyuma yangu wakawa sambamba nami, kisha wakawa mbele, na kila aliyepita aliniuliza kwa heshima, "Unaendeleaje, mwalimu?" nami nikajibu kila mmoja kwamba ninaendelea. Kujibu huko nako kulichosha.

Tulipumzika mchana karibu na kalavati, mahali lori liliposimama kutusubiri na chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Mke wangu aliniona nikija. Aliweka kikombe chini.

"Vua," alisema.

Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi. Aliimwagia maji kidogo kidogo mpaka ikaachia, akatazama kilichokuwa chini yake. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia la vikombe akatoa katambuga zangu, zimefungwa ndani ya kanga yake ya zamani.

"Ulijua," nilisema.

"Nimekaa na wewe miaka arobaini na miwili. Ningeshindwaje kujua?"

Alichana upindo wa kanga ile akanifunga visigino. Viatu vya ibada alivipangusa vumbi, akavitia kwenye gunia. Mikono yake ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali, na nilitambua kwamba haogopi vidonda. Alikuwa anapima kama nitafika.

Baada ya hapo lori likatangulia kwenda kigangoni ili jioni tukute chakula, nasi tukaendelea. Sina mengi ya kusimulia juu ya mchana ule kwa sababu uchovu haubakizi mengi. Nakumbuka mbung'o wakiniuma shingoni na mimi nikiwaacha, maana kuinua mkono ilikuwa kazi. Nakumbuka mizinga ya nyuki juu ya miti, na kila mzinga niliuchagua uwe mahali pa kufika, nikiufikia nachagua mwingine. Kundi la ng'ombe lilikata barabara na kutuachia vumbi, na mchungaji wake, mzee wa Kisukuma mwenye baiskeli, akakokota baiskeli yake sambamba nami kwa mwendo mfupi. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kutangulia.

"Mzee mwenzangu, kwani nauli imekosekana?"

"Nauli ipo."

"Basi unatembea kwa nini?"

"Nakwenda kusali."

"Mjini hakuna kanisa?"

Nimejibu maswali ya watu wengi katika maisha yangu ya ukatekista, lakini hilo sikuwa na pumzi nalo. Nilimwambia, "Mke wangu aliahidi kwamba nitakwenda."

Alifikiri. "Aha," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hatimaye ameelezwa jambo la maana. Akapanda baiskeli akawafuata ng'ombe wake.

Jua lilikuwa limeinama niliposimama. Sikuamua kusimama. Miguu ilisimama, mimi nikajikuta juu yake. Niliketi kwenye kichuguu kando ya barabara, nikatoa rozari, na sikuweza kukumbuka niko tendo la ngapi. Nilisema tu asante. Asante kwa uhai huu, asante kwa mwanamke yule, na kama umbali huu unatosha, asante pia.

Ndipo niliposikia lori likirudi. Lilikuwa limekwisha kushusha vyombo, limekuja kuangalia waliobaki nyuma. Mle ndani walikuwemo dereva, kiongozi wa msafara, na mke wangu aliyekaa dirishani.

"Zimebaki kilomita kama tatu, mwalimu," kiongozi alisema. "Sikulazimishi kupanda, na sikuzuii."

Mke wangu alinitazama pale kwenye kichuguu. Uso wake ulikuwa ule niliouona nilipofumbua macho hospitalini.

"Panda," alisema.

"Na nadhiri?"

"Mimi ndiye niliyesema. Nitakwenda kuongea na Mungu mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilikosea. Niliahidi mali isiyo yangu." Alishika ukingo wa dirisha. "Panda tu, baba. Nisije nikakuua kwa kutaka upone."

Kwa miezi mingi nilikuwa nimengoja aseme neno hilo, kwamba nadhiri haikunihusu. Sasa amelisema, na nilichokiona ni jinsi mkono wake ulivyokuwa bado umeng'ang'ania ukingo wa dirisha. Alikuwa ananiachia, lakini hofu haikuwa imemwachia yeye. Kama ningepanda, jioni ile tungerudi wote wawili Mpanda, na kila nikikohoa angekuwa kwenye lile benchi.

"Acha nipumzike kwanza," nilisema. "Nitakuja polepole."

"Huwezi."

"Polepole naweza."

Kisha nikasikia mlango unafunguka. Alishuka kinyumenyume, kama anavyoshuka ngazi za kanisa, mguu mmoja unatafuta ardhi na mikono imeshika kiti.

"Mama, unakwenda wapi?" dereva aliuliza. "Na maharage?"

"Yako jikoni. Moto upo. Chumvi iko kwenye kopo la bluu."

"Mimi sijui kupika maharage."

"Hata mimi sijui kutembea," alisema. "Nenda."

Kiongozi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatupatia chupa ya maji, akamwambia dereva awashe gari.

Kilomita tatu. Ninavyoona, mtu mzima mwenye afya huzimaliza kabla hajazifikiria. Sisi zilituchukua mpaka giza lilipoingia. Yeye alinishika mkono wa kushoto na mimi nikamshika wa kulia, na hatukuwa tunasaidiana sana, kwa sababu nilipoegemea upande wake yeye naye alikuwa anaegemea wangu. Tulipumzika mara nyingi. Kila tulipopumzika aliketi kwa shida na kusimama kwa shida zaidi, nikawa naomba tusipumzike, naye akasema asiponyoosha magoti yatagoma. Hatukusali kwa sauti. Kwenye kilima kidogo aliniuliza kama mchana nilikuwa nimekula viazi vyote, nikasema ndiyo, akasema muongo.

Karibu na kigango alisimama. "Sikujua ni hivi," alisema. Alisema polepole, akiangalia barabara tuliyotoka. "Pale kwenye benchi, niliona kama nakuahidia kitu kidogo."

Nilimwambia hata mimi asubuhi nilikiona ni kidogo.

Mahujaji walikuwa hawajala. Maharage yalikuwa yameungua chini na juu yakawa magumu, na watu wameketi kwenye mikeka wakiyatazama. Mtu mmoja alianza kutupigia makofi, akanyamazishwa, nami nilishukuru. Mke wangu alipita moja kwa moja mpaka jikoni akaonja kwa mwiko, akauliza nani ametia chumvi mara mbili. Dereva alikuwa ameshika tochi, anaiangalia kana kwamba ina maandishi.

Baadaye walituletea maji ya moto kwenye beseni la kuoshea mchele, na kwa kuwa beseni lilikuwa moja, tulitia miguu yote minne mle ndani, tukawa tunagombea nafasi. Kiongozi alikuja na daftari lake. Lori lilikuwa linakaribia kuondoka kwenda mjini.

"Wanaorudi ni wawili wa kwaya," alisema. "Nyie je?"

Nilikuwa nafungua kinywa. Sijui ningesema nini. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kurudi Mpanda.

"Huyu hakupanda," mke wangu alisema.

"Hakupanda, nimeona. Na wewe?"

"Mimi ni wa lori. Mpishi. Ila kila jioni nitashuka nitembee naye kipande cha mwisho."

Kiongozi alifikiri, kalamu juu ya daftari. "Sheria yangu ni ya wanaopanda," alisema. "Wanaoshuka sikuwawekea." Akafunga daftari. "Na maharage ya kesho?"

"Nitayaloweka leo. Hata dereva hataweza kuyaharibu."

Nilitaka kumkumbusha magoti yake, na kwamba bado kuna jioni tatu mbele. Lakini maji yalikuwa bado ya moto, na yeye alikuwa amefumba macho, amelaza kichwa ukutani, anapumua kama mtu aliyelala. Nikasogeza miguu yangu kando, apate nafasi.