Mama Kondomu wa Baraza la Madiwani

Leo sokoni Kemondo mzee mmoja ameniita kwa sauti, kwa salamu yetu ya Kihaya, "Waitu, Mama Kondomu!"

Mbele ya mchungaji wangu.

Jamani, ngoja nieleze.

Miaka ile UKIMWI ulikuwa unatumaliza Muleba. Tunatoka msiba huu, tunaingia ule. Nilikuwa diwani, mwanamke peke yangu ukumbini, na hoja ya siku ilikuwa kupeleka kondomu visiwani. Hakuna aliyethubutu kuzitaja. Mwenyekiti alisema tu, "vifaa vya kujikinga."

Akasimama mzee huyuhuyu, wakati huo diwani wa kisiwa cha Bumbire.

"Mwenyekiti, naunga mkono! Wavuvi wangu wanakufa maji. Ila viwe vikubwa, vimfunike mtu mzima kifua chote!"

Alidhani ni maboya ya kuvaa. 😂

Mwenyekiti anakohoa tu. Nikaona tutapitisha maboya huku tunaendelea kuzikana, nikasimama.

"Mheshimiwa, ni kondomu. Kifuani hazifiki."

Walicheka mpaka kikao kikaahirishwa! Tuliporudi, hoja ikapita bila kupingwa.

Nilipomaliza kumsimulia mchungaji, akamgeukia mzee: "Na wewe ulizipokea?"

"Nilizigawa mwenyewe, Mchungaji, mwalo kwa mwalo, kila mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Wengine walinifukuza kwa makasia. Wengine leo wana wajukuu."

Mchungaji akavua kofia, akatushika mkono sote wawili.

Haya, semeni kweli: nyie mngethubutu kulitamka lile neno mbele ya wazee wale?