Mama Msasa na Dari Iliyogeuka

Saa mbili asubuhi, mashine inanguruma na vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi za Mama Msasa. Haondoi kidole kwenye kitufe chekundu cha kuizima.

"Siiamini tena," ananiambia. "Ni tiifu kupita kiasi. Ukiichorea ujinga, inakukatia ujinga. Tena vizuri!"

Kazi ya useremala ameifanya kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana haachii kazi mpaka msasa umepita kila kona. Mashine, inayokata kwa kufuata mchoro wa kompyuta, ililetwa karakanani mwaka juzi. Mchoraji ni mume wa binti yake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwezi uliopita walipewa dari ya maktaba, vipande sitini na vinne vya plaiwudi. Mama Msasa alishaukagua ukumbi: nguzo iko kushoto mwa mlango. Kipande cha kwanza kikatoka na nafasi ya nguzo upande wa kulia.

Aliona. Akanyamaza.

"Mkwe wangu yule! Ningeanzia wapi kumwambia amekosea? Nikasema labda kompyuta inajua nisichokijua."

Mashine ikakata vyote. Walipopandisha cha kwanza, mkwe alikaa chini kwenye saruji, mikono kichwani. Alikuwa ameichora dari kama anayeitazama kutoka juu ya paa, na watu huitazama kutoka chini. Niliposikia nilishika mdomo. Vyote sitini na vinne, jamani!

"Mama, kazi sina tena," alisema. Mwenye karakana alikuwa amempa siku tatu za kurekebisha, la sivyo aondoke.

Mama Msasa akakigeuza kipande. Kikakaa sawasawa, ila upande mbaya, wenye mafundo na mikwaruzo, ndio ukawa unaonekana. Akachukua msasa. Alisugua vyote kwa mkono, mkwe nyuma yake akipaka vanishi.

"Vidole vilitoka damu. Lakini kilichoniuma ni kule kunyamaza."

Dari ikapita, kazi ya mkwe ikapona. Sasa mama anataka kujifunza kuchora mwenyewe, na mkwe ndiye mwalimu. Juzi, katika somo la kwanza, mama alichora kabati ambalo mlango wake unafungukia ukutani. Mkwe akalitazama, akajikuna shingo.

"Zuri sana, mama."

"Nimekosea makusudi," mama akamwambia. "Umeona, ukanyamaza?"

"Niliona, mama," mkwe akakiri.

"Basi kesho tunaanza upya," akasema Mama Msasa. "Wote wawili."