Ziwa Lilipomeza Neptuni

Saa mbili asubuhi, jua la kweli limeshapanda juu ya Ziwa Tanganyika. Jua la mwalimu Isidore Wilondja liko juu ya kiti, mlangoni mwa darasa la saba mjini Baraka, mashariki mwa Kongo: mpira wa matambara unaojaza viganja viwili.

Wanafunzi wanapokea sayari zao. Dunia ni punje ya ulezi. Jupita ni kokwa ya mchikichi, Neptuni ni haragwe. Kila mmoja atatembea na yake mpaka mahali pake, asimame, awageukie wenzake. Hapo ndipo mtoto anapojua mbali ni wapi.

Ila leo safari haiendi ziwani kama ilivyokuwa tangu Isidore mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Inaelekea milimani.

Njia ya zamani ilipimwa na marehemu Eugène Asukulu, mwalimu aliyemfundisha. Iliteremka hadi ufukweni, ikaishia alipokuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, mama mmoja wa Kiislamu, Siti binti Yasini. Mwenye Neptuni alifika nyayo zikimuungua kwa mchanga wa moto, na Siti hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimtilia ndagala kiganjani. Basi mji mzima ukamwita Mama Neptuni, na jina likamganda.

Vita vikawatawanya watu. Eugène alifia ukimbizini, Tanzania. Isidore aliporudi alikuta nyumba ya wazazi wake imebaki msingi tu.

“Lakini njia ya mwalimu ilikuwa pale pale,” anasema. “Nililia. Nikasema, hii ndiyo iko urithi yangu.”

Halafu maji yakaanza kupanda. Ziwa lilikula mchanga wa Siti, likaja likala na kituo cha Uranusi. Isidore hakutaka kusikia. Alisimamisha watoto ukingoni mwa maji, akanyoosha kidole: Neptuni iko kule mbele, chini ya mawimbi. Wenzake wakamshauri ahamishe njia, naye akawajibu kwamba ya Eugène haihamishwi. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Idi yake ilifika na jaribio la muhula uliopita. Sayari ni ngapi? Aline, msichana hodari wa darasa, aliandika: “Sayari ni sita. Mbili zilikufa maji.”

Chumba cha walimu kilicheka mpaka machozi. Isidore alicheka nao, kisha akaisoma tena karatasi. Mwanafunzi wake angeingia kwenye mtihani wa serikali na sayari mbili pungufu, na aliyezizamisha ni nani kama si yeye?

“Mutoto hakukosea,” anasema. “Aliandika kile mi nilimuonyesha.”

Jioni ile alikwenda kwa Siti, ambaye siku hizi anaanika ndagala juu ya nyavu kuukuu, ng’ambo ya barabara, mlima unapoanzia. Alitaka kumwomba ruhusa ya kuileta njia mpaka kwake, na aliona haya. Bibi hakumpa nafasi ya kuzunguka mbuyu.

“Mwalimu, umekawia,” alimwambia. “Batoto banapita hapa kila siku, banasalimia, lakini hakuna mwenye kuleta haragwe.”

Leo haragwe limo mkononi mwa Aline. Anawapita wenzake mmoja mmoja, anavuka barabara, anazidi kuwa mdogo. Anafika kwa Siti, anageuka, anainua mkono. Darasa zima linahesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, mpaka nane.

Isidore anahesabu nao, lakini macho yamemponyoka, yametazama upande wa ziwa. Anakiri kwamba anaukumbuka ule mchanga, harufu yake, na sauti ya Eugène ikiwaita warudi darasani. Tunamuuliza kama ana mpango wa kuirudisha njia siku maji yakishuka.

“Maji ikishuka, ntairudisha,” anasema. “Isiposhuka, batoto ba Aline batasema Neptuni ilikuwaka siku zote upande wa mulima. Na mi sitabisha. Bakuwe tu na nane.”