Kuta Zote Zimeinama

Mimi picha huwa nazipiga huku natembea. Simu naificha ndani ya pakiti tupu ya chipsi, natoa jicho lake tu, nabonyeza, narudisha kwapani, na mguu haujasimama. Johannesburg hii ukisimama kuutamani ukuta, yupo pembeni anayeitamani simu yako. Ndiyo maana michoro yangu yote imelala upande. Yule mwanamke wa kilemba cha samawati, aliyechorwa kwenye nguzo ya barabara ya juu kule Newtown, kwangu anaonekana anaanguka.

Picha zenyewe ni za mama, yuko Tanga. Zamani nilikuwa namtumia bustani ya Midrand, nilikokuwa nalea watoto wa watu na kulala chumba cha uani. Wenye nyumba wakahama nchi, nami nikahamia Bellevue, kwenye nyumba ya kizamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Sikumwambia. Mama akijua atasema rudi, na mama akishasema rudi mimi narudi, sina ubavu wa kumkatalia. Na kurudi sitaki. Kwa hiyo alipoomba picha nyingine ya ninapoishi, nikamtumia ukuta wa mjini wenye ndege wa rangi rangi. Akaupenda, akataka mwingine.

Sasa Jumamosi mchana, duka la vitambaa ninalouzia likifungwa, chumbani hakukaliki. Nashuka mjini kwa miguu, natafuta ukuta ambao sijautuma. Wakati mwingine nakuta ule niliouweka akilini wiki nzima umeshabandikwa matangazo ya waganga, juu mpaka chini, na hasira zinanipanda mpaka nasema peke yangu. Mtu kapanda jukwaa, kachora uso wa orofa nne, halafu watu wanapita chini yake wameinamia simu zao! Mimi hasa ndiye wa kusema hayo, na simu yangu kwenye pakiti ya chipsi.

Siku moja nilimtumia vile vichwa vya mbao vilivyochongwa juu ya nguzo za Newtown. Mama akanijia juu. Sanamu asizione kwenye simu yake, malaika hawaingii penye sanamu. Nilimuuliza kama malaika huwa wanaingia kwenye simu, akakata. Nyuso za ukutani anazivumilia, sijui kwa hukumu gani.

Ila mchoro wenyewe hauangalii. Anaivuta picha kwa vidole mpaka pembeni kabisa. Mbona dirisha lile lina nondo nene hivyo? Huyo mtu kalala au kaanguka? Na mafundi wa huko hawana timazi, mbona kuta zote zimeinama? Marehemu baba alikuwa mwashi, na mama ukuta uliopinda humkera kama mtoto mchafu. Nilimjibu kwamba ndiyo mtindo wa huku.

Jirani yangu wa upande wa pili wa mbao, msusi kutoka Lubumbashi, aliniona siku moja nikipiga mchoro wa mtaani kwetu mbio mbio. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Ukuta haina miguu, dada," alisema. "Weye njo unakimbia."

Njo ya kwao ni ndiye ya kwetu. Nilichukia siku nzima.

Jumamosi iliyopita nilimtumia mama ukuta mrefu kuliko yote, wa samaki na treni. Nilipofika chumbani sauti yake ilikuwa inanisubiri kwenye simu, ya upole, na upole wa mama yangu huwa una swali nyuma yake.

"Mwanangu, kuta zenu nzuri, Mungu awape nguvu wanaozichora. Lakini zote ziko nje. Huo unaolala nao una rangi gani?"

Nikakaa. Nikasimama. Nikaosha sahani iliyokuwa safi. Nikafikiria kutoka nikatafute ukuta wa kijani uliotulia, niseme ndio huo, na viatu nikavaa kabisa. Jirani akagonga mbao, akauliza mbona natembea kama askari wa lindo. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa namwogopa mama kuliko vibaka wote wa mjini, na nilikuwa nimemkumbuka.

Nikavua viatu. Nikaitoa simu kwenye pakiti, nikasimama katikati ya chumba, nikaupiga: mbao tupu, nusu imepakwa kijani na aliyenitangulia, rangi ikamwishia njiani, msumari, baibui langu, waya wa taa ukipita juu kwenda kwa jirani. Hapakuwa na wa kumkimbia. Nikamtumia kabla mkono haujabadili nia.

Sauti yake ilipoingia niliisikiliza nimefumba macho, nasubiri neno rudi.

"Afadhali huu umenyooka," alisema. "Sasa geuza simu nikuone na wewe."