Vidole Vinne Begani mwa Lazar

Dada yangu Zlata hakuwa mvivu, na anayesema hivyo aje aniambie mimi, ngumi bado ninazo. Aliweza kuchoma magunia mawili ya pilipili hoho kwa siku moja na kuzifunga zote kwenye chupa jua halijazama. Ugonjwa wake ulikuwa vitu vidogo. Kazi ya kutwa aliiparamia. Kazi ya dakika kumi aliikimbia kama paka anayekimbia maji. Bomba la jikoni lilivuja miaka minne. Lango lilipiga kelele kila likifunguliwa, hata mbwa wa jirani walijua nani anaingia. "Kesho," alisema. Nami nilimwambia bawaba ile naweza kuitengeneza kwa vidole viwili huku nimefumba jicho. Sikuitengeneza, lakini ningeweza.

Mumewe Lazar alifariki tarehe kumi na mbili Machi. Kwetu marehemu haagwi mara moja. Siku ya arobaini unabandika langoni tangazo lenye picha yake, nusu mwaka unabandika jipya, mwaka ukitimia jingine, na kijiji kizima hupita kusoma. La arobaini Zlata alilibandika. La nusu mwaka lilitaka apande basi tu, aende kwa mchapaji mjini na picha mkononi. Agosti akasema kesho. Septemba akasema kesho. Mvua ikamla Lazar pale langoni, ikaanza na masharubu, ikaja pua.

Asubuhi ya kumi na mbili Septemba tukakuta tangazo jipya juu ya lile bovu. Halikuwa la Zlata. Lilikuwa la wifi yake Genoveva, dada wa marehemu, anayekaa ng'ambo ya barabara. "Nusu mwaka bila kaka yangu mpendwa. Dada asiyesahau." Mke hakutajwa kabisa. Na picha! Ilikuwa picha ya harusi ya Zlata mwenyewe. Bibi harusi kakatwa kwa mkasi, vikabaki vidole vyake vinne begani mwa Lazar, kama vya mwizi anayeng'ang'ania dirisha.

Wanawake waliokuwa wakienda dukani wakasimama.

"Hivi vidole vya nani tena?" mmoja akauliza.

"Vya mtu asiye na nafasi," Genoveva akajibu kutoka barazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi. "Mwacheni wifi yangu, ana shughuli. Labda mwaka wa kumi atamkumbuka."

Wakacheka. Nilimkuta Zlata jikoni, uso mweupe kama jibini.

"Mwaka ukitimia atabandika tena," akasema. "Watu watasema Lazar hakuwa na mke, alikuwa na dada tu."

"Nenda ukamnyonyoe nywele," nikamshauri. Mimi ni mtu wa amani, lakini si sana.

"Nipe nyundo, kaka."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Nikingoja kesho, kanishinda."

Genoveva ana desturi ya kulala baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi. Saa nane kamili Zlata akaanza na bawaba. Ngo! Ngo! Ngo! Wifi akatoa kichwa, nywele timtim.

"We wifi, watu tumelala!"

"Lala tu, mama. Mimi nakumbuka mambo yangu."

Siku ya pili bomba. Ya tatu kioo kilichopasuka, kisha vifungo vya makoti, kisha paa la banda la kuku, vyote saa nane. Kazi ndogo ukiifanya kwa wajibu inachosha. Ukiifanya kwa kisasi inanoga. Kila kilichoachwa nusu Zlata alikiona kina sura ya wifi yake, akakirukia. Kufika Krismasi kazi za kwake zimekaribia kwisha, akahamia za ng'ambo. Mfereji wa mbele ya nyumba ya Genoveva ulikuwa umeziba majani tangu vuli. Akauzibua saa ile wanawake wanapokwenda dukani, majani yote akayarundika kwenye ngazi za wifi.

"Nimeona huna nafasi, wifi!"

Kicheko cha kijiji kikavuka barabara.

Ila tangazo lenyewe bado. Mwanzoni mwa Machi theluji ilifika magotini. Zlata akasimama mlangoni na picha kwenye mfuko. Neno lile la kale likamjia mdomoni, nililiona kwa macho yangu. Akatupa jicho ng'ambo: Genoveva alikuwa anafunga vifungo vya koti lake la kwenda mjini. Zlata akatoka mbio kuwahi basi, hata kilemba hakukifunga.

Alfajiri ya kumi na mbili nilikuwepo langoni na Zlata, nimeshika bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayowagawia watu kwa ajili ya marehemu. Genoveva akavuka na ndoo ya gundi na karatasi aliyoiviringisha. Akakwama katikati ya barabara. Tangazo lilikwisha kauka langoni: picha ya harusi, nzima, wawili. "Mwaka bila Lazar. Mke wake."

"Umewahi," akasema.

"Nimewahi. Hiyo ni ya Lazar? Lete, tusiitupe."

Genoveva akampa, akidhani itabandikwa kando. Zlata akaikunjua, akapaka gundi upande wa maandishi, juu ya jina la dada asiyesahau, akaibandika kifudifudi kwenye ufa wa lango, ulipopenya upepo miaka yote. Akaisawazisha kwa kiganja, taratibu.

"Asante, wifi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho."

Wanawake walikwisha fika. Zlata akachukua bakuli mikononi mwangu, akachota kikombe kizima, akampa. Ngano ya marehemu haikataliwi.

"Kula, wifi. Sema Mungu amrehemu."

Genoveva akala pale pale, amesimama kwenye theluji, watu wote wakimtazama. Zlata akamngoja mpaka punje ya mwisho.

"Mungu amrehemu," akasema Genoveva.

"Sikusikia, wifi."