Siku Mama Mudogo Alipomwambia Dada Avunje Mguu

Mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliolewa Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Kila alipovuka kuja kwetu, mtaa wa Bel-Air, alifika na vumbi la foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa kwenye nywele, na maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mwaka ule dada yangu alichaguliwa kuimba zaburi peke yake kwenye misa ya Pasaka. Asubuhi tulimzunguka sebuleni. Mama alikuwa akimfunga kitambaa, mimi nimeshika viatu vyake vya visigino. Mama mudogo akamshika mashavu, akasema, "Enda, mama. Uvunje mguu."

Kambo, bibi yetu, akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Unamulaani mutoto wa dada yako? Mu nyumba yangu?"

"Hapana, mama. Ni vile Bangereza banasema. Muntu akienda kuimba mbele ya bantu, banamutakia mubaya, juu bahati mubaya ipite pembeni."

"Bahati mubaya haijue kizungu," kambo akasema. Akaninyang'anya vile viatu, akamvalisha dada kandambili zake mwenyewe.

Dada akaanza kulia, poda ikachuruzika. Nilidhani Pasaka yetu imeharibika. Mama mudogo hakupandisha sauti.

"Mama, wakati nilizaa mutoto wangu wa kwanza, ulimuangalia ukasema nini?"

Kambo akainua tena kikombe chake.

"Ulisema, 'Haka katoto ni kabaya sana.' Nikalia. Kisha ukaniambia ni juu ya bantu ba wivu, basimuone."

Mabega ya kambo yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Kumbe na bale Bangereza beko na bakambo," akasema, akamrudishia dada viatu.

Dada aliimba macho yakiwa mekundu. Ubeti wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukasimama, na wa tatu ukawafanya wazee wa viti vya mbele wanong'onezane, wakiulizana huyu ni mtoto wa nani.

Kambo hayuko tena. Dada siku hizi anaimba Kolwezi, kwa watu nisiowajua. Ninachokikumbuka zaidi ni njia ya kurudi siku ile: kambo na mama mudogo mbele, wameshikana mikono, wakibishana kwa Kiluba kuhusu kuku wa mchana. Sisi wengine tulipunguza mwendo, tusije tukawapita.